Alhamisi ya Kumfunga Sungura

Mama yangu hakuomba sungura. Aliletewa, akaambiwa amchinje.

Aliyemleta ni kaka yangu, kutoka Muheza, ndani ya tenga la machungwa, muda mfupi baada ya mama kutoka eda. Aliliweka tenga barazani, akasema ni dume, limenona, mama alipike Ijumaa apate nguvu. Kaka yangu kila tatizo hulitibu kwa nyama. Na tatizo tulikuwa nalo kweli, maana tangu baba afariki mama alikuwa hali kitu. Si kwamba alikataa chakula. Angekataa tungegombana, na kugombana naweza sana. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema kitamu, mwanangu, Mungu akuzidishie, kisha akakifunika kwa sahani nyingine. Kesho yake nikija nakikuta palepale, hakijaguswa. Pete yake ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole gumba ili isimwanguke.

Siku ile mama aliinama, akachungulia ndani ya tenga, akatazamana na yule mnyama kwa muda. Kisha akajinyoosha.

"Mgeni huchinjiwa," alimwambia kaka. "Hachinjwi."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Jina hakumpa. Aliniambia kwenye simu, siku chache baadaye, "Mie na mwenzangu tushakula," nami nikadhani kuna jirani amekuja kumliwaza. Nilipofika nyumbani kwake Ngamiani nikamkuta huyo mwenzake amejilaza kwenye banda la mbao ukumbini, rangi ya kahawia, masikio kama makubazi mawili, ananitazama kama mimi ndiye niliyekuja bila hodi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mama akapona mbele ya macho yangu. Sungura anataka majani, kwa hiyo kila asubuhi mama alivaa ushungi akatoka kwenda kuchuma mchunga kwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Mchunga unajiotea wenyewe na ni mchungu kweli, lakini sisi wa Tanga tukishauchemsha, tukaukamua, tukautia tui la nazi, hatutaki kingine. Mama alichuma fungu la sungura, na kwa kuwa mgongo umeshainama, akachuma na fungu la chungu. Akapika. Akavuta kigoda kando ya banda akala, mmoja anatafuna mbichi, mwingine anatafuna wa nazi, na maongezi juu yake. Pete ikarudi kwenye kidole chake. Chakula changu mimi, hata hivyo, kiliendelea kusifiwa na kufunikwa. Nasema kweli, nilimwonea wivu mnyama yule. Miezi nabeba mabakuli ya wali na samaki, anakuja mtu na masikio yake tu anafanikiwa.

Ndiyo maana alipoanza kuumwa, niliyemhofia hakuwa sungura.

Alianza kwa kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Akayakusanya kona moja ya banda, akayapanga vizuri, akayalalia. Mama akitia mkono, ananguruma. Sikuwahi kujua sungura ananguruma. Siku moja alimng'ata mama kidole, mama akakaa na kitambaa mkononi akiniambia kwamba kosa ni lake yeye, hakupiga hodi. Jirani wa mkono wa kushoto alisema ni kijicho, kuna watu wameuona unene wake. Mimi nikasema unene wake nimeuona mimi peke yangu, na nikamtafuta daktari wa mifugo.

Tulimpata Makorora, binti mdogo kwa umri, aliyesomea Morogoro. Alimpa mama shikamoo, akamgeuza sungura chali kwa ustadi, akatazama, akacheka kidogo. Dume letu lilikuwa jike. Tulipompigia kaka kumweleza, alisema basi atakuwa amegeukia njiani, kwao Muheza alikuwa dume.

Daktari alieleza kwamba yule sungura alikuwa na mimba ya uongo, mwili unadhani una watoto na hauna. Hilo pekee lisingemtisha, lakini alipompapasa tumbo hakukipenda kizazi. Sungura jike asiyezaa, alisema, mara nyingi huota vivimbe humo, na vikikua havina tena dawa. Ushauri wake ni kumfunga kizazi mapema, na kwa sungura, alisema, kufunga ni kukitoa kabisa.

Mama aliuliza mambo mawili tu. Atalazwa usingizi? Ndiyo. Na ataamka? Daktari hakumdanganya. Alisema wengi huamka, na yeye atafanya yote anayoyajua.

Njia nzima mawazo ya mama hayakuwa nasi. Nilijua yuko wapi. Baba alikwenda hospitali kupasuliwa akitembea kwa miguu yake, anamtania muuguzi, akatoka amefunikwa shuka. Hakuna aliyekosea, ugonjwa ulishamaliza kazi kabla ya kisu. Lakini mama alikuwa amemkabidhi mtu anayempenda kwa watu wa dawa ya usingizi, na hakurudishiwa. Sasa ninamtaka akabidhi tena. Nilipiga hesabu yangu kimya kimya: tusipompasua atakufa kwa uvimbe, tukimpasua huenda akafa mezani, na kwa vyovyote vile akifa, mama atarudi kwenye kufunika sahani. Safari hii sikujua nani angezifunua.

Aliyeamua ni mama mwenyewe. Aliona damu kwenye majani ya kulalia, akanipigia simu asubuhi, akasema tu, "Tumpeleke." Tulirudi Makorora, sungura akapimwa uzito, siku ikapangwa. Na hapo ndipo yalipofanyika mazungumzo ambayo kila mmoja wetu watatu aliondoka akidhani ameyaelewa.

"Basi mama," daktari alisema, "Alhamisi ndiyo siku ya kufunga."

"Alhamisi ni vizuri," mama akajibu. "Kufunga kabisa, au nusu?"

"Kabisa, mama. Hakuna kufunga nusu."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Daktari akaongeza kwamba tuje na majani yake aliyoyazoea, ale atakapoamka. Mimi nilikuwa natafuta ufunguo kwenye mkoba. Nilisikia kila neno na sikuona kasoro.

Siku zilizobaki nilizimaliza kwa kusugua. Banda nilisugua kwa maji ya moto, nikaondoa majani yanayochoma, nikatandika mataulo ya zamani. Nikatafuta boksi imara la kumbebea, nikatoboa matundu. Mama kwa upande wake alichana kanga, akashona mkaja. Kwetu mwanamke akishajifungua hufungwa mkaja tumboni, kitambaa kinachokazwa ili tumbo lirudi mahali pake, na mama hakuona sababu ya mgonjwa wake kukosa. Nilimwambia huyu hajazaa, anatolewa kizazi. Akasema tumbo ni tumbo. Nikampigia daktari nikitumaini atanisaidia kucheka, lakini yule binti akasema sawa, ilimradi usikazwe, utamzuia kulamba nyuzi. Mama alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza.

Jumatano jioni nilipita kuona kila kitu kiko tayari. Mchunga ulikuwa umeoshwa, umefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, mafungu mawili. Mama akaniambia ile ni futari ya mwenzake. Nikacheka. Mama ni mtu wa maneno, nikadhani ni maneno.

Alhamisi asubuhi nikafika na bajaji, nikaiacha ikingoja nje. Banda lilikuwa safi na tupu. Hakuna jani. Bakuli la maji limefudikizwa. Sungura amekaa katikati ya taulo kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Nikauliza maji yako wapi.

"Kafunga," mama akasema.

Nikauliza nani kasema afunge.

"Daktari. Si nimemuuliza mbele yako? Kabisa au nusu. Kasema hakuna kufunga nusu."

Nilisimama pale nikiwa na boksi mkononi, na maneno yale yakanirudia moja moja, safari hii kwa maana ya mama. Kufunga kabisa na kufunga nusu, kama watoto wanaojifunza saumu, wanafunga hadi adhuhuri wanakula. Na Alhamisi ni siku ya sunna, ndiyo maana ilikuwa vizuri. Sikujua nicheke au nipige kelele, kwa hiyo nikapiga kelele. Nilisema kufunga kizazi, mama, kizazi! Mama akaniuliza kizazi kinafungaje saumu. Nikakaa chini.

"Usinipigie makelele," akasema. "Kala daku."

Nikamuuliza amekula nini.

"Daku. Nimemwamsha kabla ya adhana. Kala fungu zima, kanywa na maji. Mie nikanuia, nikamnuilia na yeye, maana yeye hawezi kusema. Ningemwachaje afunge peke yake?"

Nikampigia daktari. Nilipomaliza kueleza nikasikia kicheko cha mtu aliyeziba simu kwa kiganja. Aliporudi alijitahidi kuwa daktari. Akasema sungura hafungi kabla ya upasuaji. Mtu hufungishwa asije akatapika akiwa usingizini, lakini sungura hatapiki, hajaumbwa hivyo, na utumbo wake ukisimama kwa kukosa chakula ndio humuua. Angelala njaa usiku kucha ingebidi kuahirisha. Ila kama amekula alfajiri, hakuna lililoharibika. Apewe majani sasa hivi, ale atakavyo, na njiani pia ale.

Nikaliweka boksi chini. Daku imemwokoa. Kama mama angefuata masharti ya hospitali badala ya masharti ya saumu, sungura angekaa na njaa tangu jana.

Nikamwambia mama daktari anasema ampe chakula.

"Sasa hivi? Kabla ya kupasuliwa?"

"Kabla ya kupasuliwa. Ale mpaka tufike."

Mama hakuinuka. Alikuwa ameshika kile kitambaa cha mchunga.

"Baba yenu aliniomba chai," akasema. "Asubuhi ile. Nusu kikombe tu, alisema. Nikamwambia hapana, utakunywa ukitoka."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya chai. Tulikaa matanga, tukasoma hitima, nimekuja nyumba ile karibu kila siku na mabakuli yangu, na neno hilo lilikuwa ndani yake wakati wote. Nilielewa sahani zote zile zilizofunikwa. Iliniuma.

Mama akafungua kitambaa. Akakaa sakafuni na baibui lake, akachomoa shina moja la mchunga, akalipitisha kwenye tundu la banda. Sungura akalivuta. Mama akachomoa jingine. "Kula, mwenzangu," akawa anasema. "Kula ushibe. Hakuna anayekukataza." Dereva wa bajaji akapiga honi nje, nikatoka nikamwambia angoje, na kwa jinsi nilivyosema hakupiga tena.

Njiani mama alipakata boksi, mkono mmoja umezama ndani na majani. Dereva akaambiwa apite taratibu kwenye mashimo, akaambiwa tena, mwishowe tukawa tunapitwa na baiskeli. Pale Makorora daktari alimpokea sungura akiwa bado anatafuna, shina linaning'inia mdomoni. Mama alimwachia mikononi mwake, akakaa kwenye benchi, akaanza kuvuta tasbihi.

Sitasema tulikaa muda gani, maana sikuthubutu kutazama saa. Kulikuwa na mwanamume na mbuzi wake aliyeletwa kuchanjwa, na yule mbuzi alinitafuna ncha ya mtandio, nikamwacha.

Daktari alitoka akitabasamu kabla hajafungua mdomo, na kwa wema huo namshukuru mpaka leo. Imekwisha salama. Kizazi kilikuwa na vijivimbe vidogo kama punje za choroko, havijasambaa popote, vimetoka vyote. Mama hakusikiliza habari za choroko. Aliuliza, "Kaamka?" Akaambiwa anaamka. Tukaingia tukamwona, masikio yamelegea, macho mazito, tumbo limenyolewa upara. Pua ikacheza. Mama akasema, "Alhamdulillahi," kisha akasema, "Jamani, kanyolewa," na mimi nikatoka nje nikalia kwa sauti mpaka yule mbuzi akastuka.

Lakini daktari alitufuata na maneno mengine. Kazi yake imekwisha, sasa ni yetu. Sungura aliyepasuliwa lazima ale siku hiyo hiyo na apate choo, la sivyo utumbo unasimama, na anaweza kufa na kidonda chake kizuri. Sindano ya maumivu ameshampiga. Akigoma kula, tuponde majani, tuchuje, tumnyweshe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mama akashangaa. Kwa watu, alisema, mtu akipasuliwa hapewi kitu mpaka aulizwe kama amejamba. Daktari akasema ndivyo, mama, ila huyu mambo yake yote ni kinyume.

Na akagoma. Nyumbani tulimweka kwenye banda, mama akamfunga mkaja kwa ulegevu, tukamwekea mchunga mbichi mbele ya pua. Akatupa mgongo. Jirani aliyesema kijicho alileta uji wa pilipili manga, wanaopewa waliojifungua, nikaunywa mimi. Alasiri tukajaribu bomba, mimi nimemshika ndani ya taulo, mama anaminya. Nusu aliimeza, nusu iko kwenye gauni langu mpaka leo, mchunga hautoki. Alikuwa amejikunja, anasaga meno kwa sauti ndogo. Daktari akasema kwenye simu hayo ni maumivu, endeleeni, mpeni joto. Tukamwekea chupa ya maji ya moto ndani ya soksi.

Magharibi ikaadhiniwa. Mama alifungua kwa tende na maji. Nilikuwa nimepika wali na mchuzi wa changu, nikampakulia, nikamwekea mbele. Alisema kitamu, mwanangu, Mungu akuzidishie, ingawa hakuwa ameonja. Kisha nikasikia sahani juu ya sahani. Sauti hiyo nilikuwa nayo moyoni mchana kutwa, na sasa ilikuwa hii hapa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye benchi la Makorora. Sikumgombeza. Niliichukua sahani nikaitia kwenye friji, tukamnywesha sungura mara nyingine, nikalala hapo hapo.

Asubuhi niliamshwa na mama akiniita, na kwa sauti yake sikujua niamke na moyo gani. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya banda. Mkaja ulikuwa kona ya pili, umevuliwa na kukanyagwa. Sungura amekaa wima, amekasirika, kidonda kikavu, nyuzi zote mahali pake. Na juu ya taulo jeupe, vidonge vidogo vyeusi, mviringo.

"Kapata choo," mama akasema. Nilidhani atavibusu.

Tukainama wote wawili, watu wazima, tukitazama mavi ya sungura kwa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Mama akachukua shina la mchunga akampelekea. Sungura akalinusa, akaliacha, akalinusa tena. Halafu akauma. Tukamsikiliza akitafuna, jani linaingia mdomoni kidogo kidogo mpaka likaisha, akatafuta jingine.

Nikampigia daktari, akafurahi, akasema tuendelee kumchunga, nyuzi atazitazama. Nikampigia na kaka, akauliza kama sasa anaweza kuliwa, nikakata simu.

Niliporudi ukumbini mama alikuwa kwenye kigoda chake kando ya banda. Alikuwa ameitoa sahani ya jana kwenye friji, ameipasha moto mwenyewe. Alikuwa ameinamia wali wangu na mchuzi wangu, anakula kwa mkono, matonge makubwa. Nilisimama mlangoni sitaki hata kuhema. Alikula akafika katikati ya sahani, akasimama, akalamba kidole, akakunja uso.

"Mchuzi huu umekosa ndimu," akasema. "Wewe nani kakufundisha kupika?"

Tangu baba azikwe hakuwahi kukitia ila chakula changu hata siku moja. Nikamwambia nisamehe mama, nikaenda dukani kutafuta ndimu.